Saa za Bila Dawa

Daktari aliandika vidonge viwili kwa siku: saa moja asubuhi na saa nane mchana. Mimi nikaongeza cha tatu, cha usiku. Mama alikuwa anaogopa usiku. Hapa Rukanga kifua kikikubana usiku wa manane, gari la kukufikisha Voi si la kusimamisha tu barabarani. Nikajiuliza, mtoto gani anaacha dawa mezani na mama yake analala kwa hofu?

Wiki mbili za kwanza nilijiona mwana mwema. Kisha mama akaanza tena kusimama katikati ya njia akitoka bombani, mkono kifuani. Kimlima kidogo tu, pumzi imekata. Vidonge vilikuwa vinamezwa vyote, na bado havisaidii.

Daktari hakunigombeza, alinieleza tu. Dawa za naitreti hutoa mwilini naitriki oksidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu na kuupunguzia moyo mzigo. Lakini zikikaa kwenye damu mchana na usiku, mwili huzizoea. Kimeng'enya kinachozigeuza huchoka, na mishipa huacha kuitikia. Ndiyo maana kila siku huachwa muda wa saa 10 hadi 12 bila dawa, ili mwili usahau.

Si jambo geni. William Murrell aliandika London mwaka 1879 kwamba naitrogliserini hutuliza maumivu ya moyo. Kitu hichohicho kiliwatesa wafanyakazi wa viwanda vya baruti: Jumatatu vichwa viliwauma vibaya, katikati ya wiki vikatulia, wakishapumzika Jumapili maumivu yanaanza upya. Siku moja ya kukaa mbali nacho ilitosha kuufanya mwili uwe mgeni tena.

Sisi watu wa Kasigau tungepaswa kulielewa hili upesi. Ndovu akiingia shambani, usiku wa kwanza ukipiga debe anakimbia. Lipige kila usiku, utamkuta anakula mahindi yako huku anakusikiliza.

Lakini swali lililonibakia si la dawa. Niliamini kwamba kupenda ni kutoa, na anayetoa zaidi ndiye anayependa zaidi. Kumbe kile kidonge cha usiku hakikuwa cha mama, kilikuwa changu. Nilimpa, roho ikatulia, nikaenda kulala. Hofu yake ilitaka mtu, mimi nikaipa kidonge.

Siku hizi cha mwisho anameza saa nane mchana, kama ilivyoandikwa. Usiku naketi naye, na ile dawa ya kuweka chini ya ulimi, aliyopewa kwa dharura, iko karibu. Kumnyima kitu mtu unayempenda ni kazi ngumu, hata ukijua sababu.

Jana akaniambia, "Mwanangu, nenda ukalale. Umekaa hapo unanihesabia pumzi, hata usingizi wenyewe unaniogopa."

Nikasimama, nikaenda. Kumbe hata mimi nina saa zangu za kuachwa.