Siri ya Kisima

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyeinama hudai kwamba alichokiokota ni chake. Kitu kikiwa sarafu, dai hilo halina mgogoro. Kikiwa habari, swali huwa gumu: je, aliyelipa gharama ya kujua ana haki ya kuwanyima wengine kujua?

Swali hili limekaa miaka mingi juu ya shimo moja la Alaska, Marekani. Katika miaka ya 1985 na 1986 kampuni za Chevron na BP zilichimba kisima cha kutafutia mafuta, KIC-1, katika ardhi ya shirika la Wainupiat wa Kaktovik, ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Wanyama ya Arctic. Ndicho kisima pekee kilichochimbwa katika uwanda ule wa pwani, wenye ekari zipatazo 1,500,000. Kazi ilipokwisha kisima kilizibwa, mitambo ikaondolewa, na matokeo yakafanywa siri.

Mchimbaji hakosi hoja. Kuchimba ni gharama kubwa, na mara nyingi mwisho wake ni hasara. Kama jirani asiyetoa hata senti angeambiwa yote bure, kila mtu angengoja mwenziwe atangulie, wala asingetokea wa kutangulia. Sheria ya Alaska huikubali hoja hii: taarifa za kisima huwekwa siri miezi 24, nao muda huo waweza kuongezwa kwa sababu maalumu. Kanuni hiyo ina hekima. Huifanya siri kuwa amana, na amana ina siku ya kurudishwa.

Siri ya KIC-1 haikuwa na siku hiyo. Miaka zaidi ya 30 ilipita huku Wamarekani wakibishana kama uwanda ule ufunguliwe. Wengine walinena juu ya utajiri uliomo chini. Wengine, wakiwamo Wagwich'in ambao riziki yao hutegemea kulungu wa baridi wazaao pale, walinena juu ya uhai ulioko juu. Desemba 2017 sheria ya kuufungua ilipitishwa. Taifa liliamua gizani, na taa imo mfukoni mwa wachache.

Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza, kwa msaada wa kumbukumbu za shauri la zamani la Cleveland, Ohio, kwamba kisima kile kiliwavunja moyo waliokichimba. Katika mnada wa kwanza wa Januari 2021 hapana kampuni kubwa ya mafuta iliyojitokeza. Kweli, kisima kimoja hakithibitishi kuwa uwanda mzima ni mtupu; lakini ushahidi mdogo ni bora kuliko uvumi mkubwa.

Je, aitafutaye siri ya namna hii ni mwizi? Amhongaye mfanyakazi ili avunje kiapo chake ni mwizi, hata akiiba kweli. Asomaye karatasi za mahakama iliyo wazi ameinama mwenyewe mvunguni, na alichookota ni halali yake. Hapa ndipo haki mbili hukutana. Mtu ana haki ya kunyamaza juu ya mali yake maadamu hasara na faida ni zake. Umma unapotakiwa kuamua jambo kwa sababu ya mali hiyo, kunyamaza kwake hugeuka kuwa kauli, na kauli hiyo yaweza kuwa uongo pasipo neno moja kutamkwa.