Dhima ya Mwenye Kufuta

Katika darsa ya alasiri niliyosoma utotoni hapa Gisenyi, tulifika siku moja kwenye aya mbili za sura ya Al-Baqara zinazomhusu mwanamke aliyefiwa na mumewe: ya 234, inayomwekea eda ya miezi minne na siku kumi, na ya 240, inayotaja wasia wa matunzo ya mwaka mzima pasi na kutolewa nyumbani. Sheikh wetu akatueleza kwamba wengi katika maulamaa wanaona kuwa hukumu ya aya hii ya pili imefutwa na ile ya kwanza, na kwamba jambo hilo huitwa naskhi. Nilistaajabu kuona kwamba iliyofuta imetangulia katika mpangilio wa msahafu na iliyofutwa imefuata nyuma. Lakini lililonikaa moyoni zaidi ni kwamba tulikuwa tukiisoma kwa tajwidi, herufi kwa herufi, aya ambayo kwa kauli ya hao wengi hakuna kadhi atakayehukumu kwayo. Nikauliza, "Shehe, kama hukumu yake imekwisha, mbona imeachwa?" Hakunikemea. Alinijibu kuwa swali langu si geni, kwani Abdullah bin Zubeir alimwuliza Sayyidna Uthman, khalifa aliyesimamia kunakiliwa kwa msahafu, swali lilo hilo, naye Uthman akamjibu kwamba hatakiondoa kitu chochote mahali pake.

Leo kazi inayonilisha ni kuandika programu za kompyuta, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama Ziwa Kivu, na swali lile la darsani limenirudia kutoka upande nisioutazamia. Sisi tunaoandika kwa lugha ya Java aghalabu hutumia chombo kiitwacho Gradle, ambacho hukusanya maktaba zilizoandikwa na watu wengine, hutafsiri msimbo wetu, huujaribu, kisha huufunga uwe kitu kimoja kinachoweza kutumika. Nasi hukiandikia maagizo yetu kwa maneno maalumu. Mojawapo ya maneno hayo lilikuwa "compile", ambalo kwalo mtu aliitaja maktaba anayoihitaji. Neno hilo lilikuwa na ila: maktaba iliyotajwa kwalo ilivuja, ikawafikia wote waliojenga juu ya kazi yako, hata wasio na haja nayo, wakaitegemea pasi na kujua. Mwaka 2017, katika toleo la 3.4, wenye chombo walileta maneno mawili ya kushika nafasi yake, moja kwa maktaba inayostahili kuonekana na wengine na moja kwa ile iliyo siri ya mjenzi. Na mwaka 2021, katika toleo la 7.0, neno la kale likaondolewa kabisa. Baina ya miaka hiyo lilikuwa hai, lakini limekwisha kuagwa.

Kuagwa huko kuna desturi yake. Ukitumia kitu ambacho siku zake zinahesabika, Gradle huifanya kazi yako mpaka mwisho bila ya kinyongo, kisha karibu na mwisho, kabla tu ya habari njema ya kufaulu, huandika kwamba umetumia mambo yanayoachwa na kwamba kazi hii haitapatana na toleo kubwa lijalo. Ukitaka kuyajua moja moja, sharti uombe uonyeshwe yote. Na ukichoka kuonywa, unaweza kukiamuru chombo kinyamaze. Mimi nilikiamuru kinyamaze. Nilikuwa nimewaandikia kina mama fulani, wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kupeleka samaki wadogo wa sambaza na mboga Goma, programu ndogo ya kuweka hesabu za madeni yao, na mistari ile ya onyo iliniudhi kwa kuwa kazi ilikuwa ikienda vizuri. Siku ilipoonekana kosa katika hesabu ya salio, kompyuta yangu ilikuwa imekwisha kubadilishwa, na Gradle iliyokuwemo ni ile isiyolijua tena neno la kale. Kosa lenyewe lilihitaji kurekebishwa mstari mmoja. Kuyapanga upya maagizo yote kulinichukua siku mbili, na siku mbili hizo mama mmoja alidaiwa fedha alizokwisha kuzilipa. Sikuwa na wa kumlaumu, maana niliambiwa, na nilikuwa nimeomba nisiambiwe.

Hata hivyo, lawama ya mwenye kuonywa haimalizi swali la mwenye kuondoa. Je, aliyekitoa kitu kwa hiari, pasi na malipo, ana haki ya kukitwaa? Mwenye kushika neno moja tu la sharia atasema kwamba chombo hiki ni mfano wa hiba, na kwamba hakuna aliyemshika mtoaji mkono akamtaka ahadi ya milele. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mtu akiwaacha jirani zake waegemeze mapaa yao kwenye ukuta wake mwaka baada ya mwaka, naye akawaona na akanyamaza, ukuta ni wake bado, ila kuubomoa usiku mmoja si haki yake tena. Matumizi ya watu yamezaa dhima ambayo hakuna mkataba ulioiandika.

Hapa ndipo mjadala wa kale wa naskhi unapotufaa. Walikuwapo walioikana kwa hoja nzito: kwamba mwenye kubadili hukumu yake ama hakuwa akijua mwisho wa jambo, ama amejuta, na yote mawili hayamstahili Mwenyezi Mungu. Maulamaa walijibu kuwa ujuzi Wake haubadiliki. Hukumu ya kwanza ilikuwa na muda wake tangu mwanzo, muda aujuao Yeye, na kinachobadilika ni hali ya wanaoamrishwa. Waislamu walisali wakielekea Baitul Mukaddas kwa miezi kumi na sita au kumi na saba baada ya Hijra, kisha wakageuzwa kuelekea Makka, na sala zile za kwanza hazikuwa kosa. Jibu hili linanituliza kwa habari ya Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo linanifunga mimi mwanadamu, kwa kuwa siwezi kulikopa. Mimi ninapoondoa nilichokitoa, mara nyingi ni kweli kwamba sikujua, na ni kweli kwamba nimejuta: neno lile lilivuja, na aliyelitunga hakuona kuwa litavuja. Kwa hiyo ninaamini kwamba kufuta kwetu sisi, kila mara, kuna sehemu ya toba ndani yake, na toba ina masharti ambayo amri haina. Mwenye kuamuru anaweza kusema tu. Mwenye kutubu sharti aikiri ila, atoe badali mkononi kabla ya kutwaa, na asubiri muda ambao mtu wa kawaida, mwenye watoto na mgawo wa umeme, anaweza kuhama.

Sisemi kusubiri kusiwe na mwisho. Lugha ya Java yenyewe ilitangaza mwaka 1997 kuwa baadhi ya kazi za kipengele chake cha tarehe zisitumike tena, nazo zimo hata leo. Matokeo yake ni kwamba vizazi vya waandishi vimezoea kulipita onyo kama mtu apitavyo kibao kilichofifia. Ndipo mwaka 2017, katika toleo la 9, ikabidi waweke tofauti baina ya kitu kisichopendekezwa na kitu kitakachoondolewa kweli. Upole usiotimiza neno lake nao ni namna ya kudanganya.

Wala mwenye kuamrishwa si mti wa kung'olewa ukapandikizwa popote. Ng'ambo ya mpaka wetu, mwaka 1993, dola ya Zaire ilitoa sarafu mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa, wakaendelea kuuza na kununua kwa noti zilizofutwa, kwa sababu hawakumwamini tena aliyefuta. Na huku kwetu Rwanda, mwaka 2006, mikoa na wilaya zilipopangwa upya, wilaya ikawa Rubavu na Gisenyi likabaki jina la sekta. Lakini mimi nikikata tiketi katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo husema Gisenyi, na mkata tiketi huniandikia bila ya kuuliza. Hakuna aliyeghadhibika, kwa kuwa jina la kale liliachwa mahali pa kulitamka.

Katika programu ya kina mama wale kuna njia ya kukokotoa riba niliyoitunga vibaya, ambayo kijana mmoja wa Goma ameichukua akajengea kazi yake mwenyewe. Sijaiondoa. Juu yake nimeandika kwa Kiswahili kwamba inakosea pale deni linapolipwa nusu nusu, kwamba kosa ni langu, kwamba njia ya kutumia badala yake ni ile iliyo chini yake, na kwamba katika toleo la tatu haitakuwapo. Kisha nikampigia simu, maana sina hakika kuwa naye hakukiamuru chombo chake kinyamaze.