Soja, Karao na Bomu

Kiswahili chetu hakijasumbuka sana na tofauti. Mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, wa kanjo anayekimbiza mama mboga naye ni askari. Mlinzi wa getini tunamwita soja, na hajawahi kukanyaga kambi ya jeshi maishani mwake.

Uingereza kuna kikosi ambacho kingetuchanganya kabisa: polisi wa Wizara ya Ulinzi. Kiliundwa 1971 kwa kuunganisha vikosi vitatu vilivyokuwa vikilinda maeneo ya jeshi la majini, la nchi kavu na la anga. Kambi ni za jeshi, lakini wao si wanajeshi. Wana mamlaka ya polisi, na wengi wao hubeba bunduki katika nchi ambayo karao wa kawaida hupiga doria bila bunduki. Pale Faslane, Scotland, wanalinda kituo cha nyambizi zenye makombora ya nyuklia.

Sasa, kwani wanajeshi hawawezi kulinda vitu vyao wenyewe?

Wanaweza. Shida ni kwamba anayefika kwenye ua mara nyingi si adui, ni mwananchi aliyebeba bango. Mwanajeshi amefunzwa kupambana na adui. Polisi anatakiwa kumwona mtu mwenye haki zake, amkamate akibidi, ampeleke kortini. Hiyo ni heshima, hata kama inakuja na pingu. (Najua, Juni 2024 hatukungoja wanajeshi waitwe ndipo tupigwe risasi. Sare peke yake haimfundishi mtu kitu.)

Pale Greenham Common, kusini mwa Uingereza, wanawake walipiga kambi kuanzia 1981 kupinga makombora ya Marekani. Mwaka 1985 serikali ikaweka sheria ndogo: kuingia ndani ya ua bila ruhusa ni kosa. Wanawake wakaingia, wakakamatwa, wakashtakiwa. Wawili wakakata rufaa hadi juu kabisa, na 1990 majaji wakasema sheria ile ilikuwa batili, maana ardhi ile ilikuwa ya malisho ya wenyeji na haki zao zilikuwa zimekanyagwa.

Nafikiria yule aliyewafunga pingu. Mwanajeshi angesema alitii amri, yamekwisha. Polisi kinga yake ni sheria, na sheria yenyewe imegeuka hewa. Je, alikosea? Nadhani hakukosea kwa kuwakamata. Kukamatwa huko ndiko kulikofungua mlango wa korti. Lakini hapo hapo naona ujanja wa mpango mzima. Ukimweka polisi getini, bomu linaanza kufanana na duka la vito: mali ya mtu, usiguse. Kesi inakuwa ya ua na nyasi. Majaji wale waliamua kuhusu malisho. Kuhusu silaha yenye uwezo wa kufuta mji, hawakuulizwa.

Makombora ya mwisho yaliondoka Greenham 1991, kwa mkataba wa Marekani na Usovieti. Faslane, zamu bado inaendelea.