Kumnyima Pesa na Kumkatia Undugu



Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumeshapigiwa simu ile: ndugu yako mgonjwa, tuma chochote. Unatuma. Baadaye unagundua kuwa pesa ya dawa imeishia kwenye kete za unga. Mimi nilimtumia mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam kwa miaka miwili, nikijua lakini nikijifanya sijui, kwa sababu kutuma ilikuwa rahisi kuliko kuuliza. Kisha nikakasirika, nikakata pesa na simu kwa pamoja. Swali linalonisumbua ni hili: katika kukata huko kuwili, lipi lilikuwa kosa?

Wapo wasemao teja kajitakia mwenyewe. Ni kweli, kete ya kwanza alikuwa na hiari nayo. Lakini heroini ikishazoeleka, kiasi kilichompa raha jana leo hakimtoshi, na akiikosa kwa saa chache arosto humshika: jasho, kutapika, kuhara, maumivu ya mifupa, usingizi kutoweka. Hapo hatafuti tena starehe, anatafuta nafuu.

Je, basi hana hiari kabisa? Hapana. Hiari yake imebanwa, haijafa, na ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye Zanzibar na pwani ya Kenya zikafuata. Mgonjwa hunywa dozi moja kila siku mbele ya mhudumu. Dawa hukaa mwilini saa 24 au zaidi, arosto ikatulia. Mtu yuleyule aliyekuwa akiiba sufuria za mama yake anaweza kuamka akaenda kazini. Hakubadilishiwa moyo; alipewa nafasi ya kuutumia.

Ukali peke yake hauleti nafasi hiyo. Kuna familia humfungia kijana chumbani mpaka arosto iishe, zikidhani amepona. Kumbe mwili umeshapoteza uzoefu wake. Siku akirudia kipimo kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Hatari hiyohiyo humngoja anayetoka jela.

Mdogo wangu alipoanza methadoni, shangazi ndiye aliyemsindikiza, si mimi. Nilipompigia hatimaye, sikusikia lawama ya pesa. Alisema, "Kaka, kuninyima pesa ulikuwa na haki. Lakini niliambiwa hata jina langu ulikuwa hulitaji." Sikuwa na jibu. Ni kweli, watu wa huku walipouliza habari za nyumbani, nilihesabu ndugu zangu nikamruka. Niliita hasira, kumbe ilikuwa aibu.

Sasa ninatuma nauli ya daladala, kwa mkono wa shangazi. Dawa ni bure, lakini lazima aifuate kila siku, na siku ikikosekana nauli ndiyo siku ya hatari. Yeye nampigia kila Jumapili. Ameteleza mara moja, akarudi kliniki mwenyewe.

Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Hawakusema kisioshwe. Kumnyima teja pesa mkononi ni kuosha. Kumfuta katika hesabu ya ndugu ni kukata. Mimi nilifanya yote mawili siku moja, nikayaita kwa jina moja, na kosa langu lilikuwa hapo.