Jicho na Ushahidi

Taa za miji yetu ya pwani zimetuficha nyota nyingi. Lakini mtu akipanda hata Kimulot, katika nchi ya chai ya Bomet, usiku usio na mawingu, akaielekeza kwenye nyota za Sumbula darubini yenye kioo cha upana wa inchi 8, aweza kuona nukta hafifu iitwayo 3C 273. Atasema: hii ni nyota. Sivyo. Mwaka 1963 mtaalamu Maarten Schmidt aliichunguza nuru yake, akatambua kuwa iko mbali mno. Ni kwasari, yaani kiini king'aacho cha galaksi, na nuru hiyo imesafiri zaidi ya miaka bilioni 2 hata kutufikia.

Je, jicho limesema uongo? Hasha! Jicho liliona nukta. Ulimi ndio uliozidisha. Abdurrahman as-Sufi, mwaka 964, aliitaja galaksi ya Andromeda kuwa ni wingu dogo: alichokiona ndicho alichokiandika.

Nasi je? Ukimwona jirani yako akitoka usiku katika mlango usio wake, umeona mtu na mlango. Basi shuhudia ulichokiona, na usichokijua ukinyamazie.