Haki si Sadaka

Kampuni ya machimbo kandokando ya Lubumbashi ikiwachimbia wanakijiji kisima, je, imetoa sadaka au imelipa deni?

Ardhi ya Katanga ina shaba na kobalti. Mchimbaji hulipa mrabaha, yaani sehemu impasayo mwenye nchi. Zamani mrabaha wa shaba ulikuwa asilimia 2; sheria ya Machi 2018 iliupandisha hata 3.5. Wenye makampuni walinung'unika kwamba mitaji itakimbia. Serikali ikajibu kwamba nchi imepunjwa mno. Neno la makampuni si la kudharauliwa, kwani mgodi ukifungwa, wa kwanza kulala na njaa ni kibarua.

Lakini sheria hiyo yasema tena: katika kila franka 100 za mrabaha, 25 ni za jimbo, 15 ni za utawala wa mahali penye mgodi, na 10 huwekwa akiba kwa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya vijiji jirani. Kibarua apokeapo mshahara wake hapigi magoti; mwanakijiji naye apigie nini? Na mkubwa wa mahali azitiaye franka hizo mfukoni amemnyima jirani yake kitu ambacho kampuni imekwisha kukilipa.