Taa za Krismasi Mahali Usiku Haurefuki

Tawi la msaiprasi, pamba ya duka la dawa na maputo matatu manne: mti wa Krismasi katika nyumba nyingi za Meru na Embu hautaki zaidi ya hapo. Pamba ndiyo theluji. Kinachochekesha ni kwamba mwenye nyumba akitoka nje asubuhi isiyo na mawingu ataiona theluji yenyewe juu ya Mlima Kenya, kwenye vilele vinavyofikia mita 5,199, na hatafikiria hata kidogo kwamba ina uhusiano na Bethlehemu. Siku hizi pamba hiyo imepata mwenzake: nyuzi za taa ndogo za rangi, zinazowaka na kuzimika madirishani mwa hoteli, milangoni mwa maduka makubwa na pembeni mwa hori makanisani.

Zinaangazia nini?

Kaskazini mwa dunia swali hilo halisumbui. Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Roma, ambako sikukuu hii iliandikwa kwenye kalenda kufikia mwaka 336, tarehe 25 Desemba huja siku chache tu baada ya usiku mrefu kuliko zote. Anayewasha mshumaa wakati huo anasema jambo ambalo kila jirani amelihisi mwilini: giza limefika mwisho wake. Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake huko New York kwa balbu 80, na mshumaa ukapata mrithi. Hata Tucson, mji wa jangwani huko Arizona, ambako wakazi wa mtaa wa Winterhaven wamekuwa wakipamba nyumba zao kwa taa tangu 1949 na kuwaomba wageni walete chakula cha wahitaji, mchana wa Desemba hupungua kwa saa kadhaa.

Meru haupungui. Ikweta inapita karibu kabisa na mji. Siku ya Krismasi jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kutua kama saa kumi na mbili na nusu, na mwezi Juni urefu wa mchana ni uleule. Mvua za vuli huwa zinaishia, na kule chini Siakago na Kiritiri vumbi limeanza kutimka. Hakuna jua lililokwenda zake, kwa hiyo hakuna la kungojwa lirudi.

Mwenye shaka atasema basi taa hizi ni za kuazima. Ana hoja. Wapo hata wazungu walioileta Injili bila mbwembwe za Krismasi: Chogoria, ambako Dkt. Archibald Irvine alifika mwaka 1922, ilikuwa misheni ya Kanisa la Uskoti, na huko Uskoti kwenyewe Krismasi haikuwa sikukuu ya umma hadi 1958.

Lakini nuru haikuja na meli. Jina la zamani la Mungu kwa Waembu, Mwene Njeru, hufasiriwa kuwa mwenye nuru, au mwenye jua. John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui, ng'ambo ya mto Tana, alishikilia maisha yake yote kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Akisikilizwa yeye, pamba ndiyo ya kuazima. Taa ina wenyewe hapa.

Giza nalo lipo, ila si la jua. Maji ya mto Rupingazi yanayopita kando ya mji wa Embu huishia Tana, na Tana ikafungwa kwa mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Stima ikasafiri Nairobi. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vya Mbeere ambako mtoto alisoma kwa koroboi. Sensa ya 2009 ilikuta kwamba hata robo ya kaya za Kenya haikuwa ikitumia umeme kwa mwanga; ile ya 2019 ikakuta zaidi kidogo ya nusu zinautumia. Kwa mama aliyeunganishiwa stima juzi, uzi wa taa za rangi dirishani haumaanishi kwamba baridi itapita. Unamaanisha kwamba hatimaye zamu yake imefika. Anayemcheka kwamba anawaiga wazungu hajawahi kupumua moshi wa koroboi.

Kuna jambo jingine katika simulizi ya Luka, ambalo mahubiri ya Krismasi hulipita haraka. Mwangaza wa usiku ule haukushuka hekaluni wala kwa Herode. Uliwakuta wachungaji wakilinda kundi, yaani watu wa zamu ya usiku, wakiwa kazini. Mijini Meru na Embu watu hao wanajulikana. Wateja huzipita taa za duka mbiombio, mkono mmoja mfuko wa unga wa chapati, mwingine mtoto, wakiwahi matatu kabla nauli haijapanda tena. Anayezitazama hadi asubuhi ni askari wa mlangoni, na koti lake na rungu, na mwendesha bodaboda anayesubiri abiria wa mkesha.

Tarehe 25 Desemba hii jua litatua Meru kama saa kumi na mbili na nusu. Askari atakuwa ameingia kazini tangu saa kumi na mbili.